Mazoezi ao pumziko? Somo juu ya ugonjwa wa sklerozi

Katika biolojia tulijifunza namna mishipa ya fahamu inavyochukua habari toka ubongo mpaka kwenye misuli. Leo tuangalie kinachotokea habari hizo zikipotea njiani.

1. Ugonjwa wenyewe
Munganga Charcot wa Paris aliueleza katika mwaka 1868, akauita «sclérose en plaques». Sisi tutasema sklerozi tu. Mshipa wa fahamu uko na ganda lake, sawa vile waya wa umeme uko na plastiki. Katika ugonjwa huu askari wa mwili, wale wanaotukinga na vijidudu, wanageuka na kuharibu ganda hilo. Basi habari zinachelewa ao zinapotea: miguu inalegea ao inakauka, mtu anayumba, macho yanaona ukungu, uchovu unamshika hata hajafanya kazi. Mara nyingi unaanza kati ya miaka 20 na 40, na wanawake wanaupata kuliko wanaume. Ni mwingi Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Karibu na ikweta, kama kwetu, ni haba.

2. Kosa la zamani
Katika mwaka 1890 Uhthoff, munganga wa Ujerumani, aliandika kwamba wagonjwa wengine wakijikaza kwa nguvu, macho yao yanapungua. Leo tunajua sababu: joto la mwili linazuia habari kupita. Mwili ukipoa, macho yanarudia. Lakini kwa miaka mingi waganga waliogopa, wakasema: «Kaa, pumzika.» Matokeo? Misuli isiyotumika inanyauka. Mgonjwa akapata mizigo miwili: sklerozi, na udhaifu wa kukaa bure.

3. Jaribio la 1996
Huko Utah, Marekani, wagonjwa 54 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilizungusha mikono na miguu kwenye mashine kama baiskeli, dakika 40, mara 3 kwa juma, kwa majuma 15. Hao walipata pumzi na nguvu kuliko wenzao, na huzuni ikapungua. Mazoezi hayakuponyesha ganda, lakini nguvu iliyobaki ilipata kutumika.

4. Namna ya kufanya
– Kunyoosha mguu uliokauka polepole, kuushikilia nusu dakika, bila kuuvuta kwa ghafula.
– Kuinuka kwenye kiti na kuketi tena. Kusimama karibu na ukuta ili asianguke. Kutembea, hata na fimbo.
– Kufanya asubuhi kungali baridi, kunywa maji ya baridi, kupumzika katikati.
– Ugonjwa ukiamka upya, kumwuliza munganga mbele ya kuendelea.

Sisi tumezoea kumwambia mgonjwa: «Kaa tu, tutakufanyia yote.» Huo ni upendo, lakini unaweza kumfunga miguu. Afazali tumpe mkono asimame mwenyewe, na tumngojee akichoka.

Maswali: Kwa nini joto linasumbua mgonjwa wa sklerozi? Kwa nini kukaa siku zote hakumsaidii?