Ukuta wa Jani

Chuma jani la dodo, huo mchicha unaojiotea nyuma ya majiko ya Omugo, Uganda, bila kupandwa na mtu. Litafune bichi, umeze. Sehemu kubwa ya nyuzi za jani hilo itapita tumboni na kutoka karibu kama ilivyoingia. Mbuzi aliyefungwa pale mwembeni angekula jani hilohilo akanenepa. Kinachokutofautisha naye ni ukuta.

Jani limejengwa kwa seli, vyumba vidogo sana: ukipanga 20 hivi kwa mstari, unapata kama milimita moja. Kila chumba kimezungushiwa ukuta wa selulosi. Hata mbuzi mwenyewe hawezi kuuyeyusha. Amewapangisha vijidudu tumboni mwake, nao ndio wanaomfanyia kazi. Sisi wapangaji hao tunao wachache mno. Na vitu tunavyovitaka vimo humo ndani: vitamini C, madini ya chuma, na beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya macho. Basi mama anayetaka watoto wanywe majani asubuhi kabla ya shule ana kazi moja ya kwanza, kubomoa.

Mjini Arua wenye umeme hubomoa kwa blenda. Huku Terego kazi hiyo ni ya kinu na mchi, na mtu asikidharau kinu. Twanga dodo kidogo kisha tia maji: yakibaki meupe, vyumba bado vimefungwa. Endelea kutwanga mpaka maji yawe kijani kizito, usione kitu chini ya kikombe. Hapo kuta zimepasuka na vilivyomo vimemwagika.

Sasa lete jani la muhogo, maana hapa ndipo watu wanapoponzwa na juisi za kijani. Muhogo nao una kuta, lakini umeficha kitu pande mbili za ukuta. Ndani ya seli kuna linamarini, ambayo peke yake imetulia. Kwenye ukuta wenyewe kuna kimeng'enya cha kuivunja. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani. Mdudu akilitafuna, vinakutana, na kinachozaliwa ni sianidi, sumu kali. Ni mtego wa mmea dhidi ya walaji, na blenda ni mdudu mkubwa kuliko wote. Kilekile kitendo kinachotufungulia dodo ndicho kinachotengeneza sumu kwenye muhogo.

Wenzetu wa Kongo, ng'ambo ya mpaka, hula sombe, mboga ya majani hayo ya muhogo, na hawadhuriki. Wao hutwanga kwanza, ili linamarini yote ikutane na kimeng'enya na kwisha. Kisha huchemsha muda mrefu. Sianidi hiyo hugeuka mvuke kwenye nyuzi joto 26 tu, chini ya joto la mchana wa kawaida hapa kwetu, kwa hiyo sufuria iliyo wazi huifukuza karibu yote hewani. Aliyesaga majani mabichi kwenye blenda iliyofunikwa, akanywa papo hapo, amefanya kinyume cha hayo yote. Majani ya muhogo yabaki chunguni.

Kudra je, mlenda unaopendwa na ndugu zetu wa Sudani Kusini waliopokelewa Omugo tangu 2017? Haina sumu hiyo, ila ukiisaga inavutika kama kamasi, na watoto hawatakusamehe. Baki na dodo changa. Ichovye dakika moja kwenye maji yanayochemka, umwage maji hayo: vijidudu hufa, na sehemu ya oksalati, kitu kinachoshika madini yasifyonzwe, huondoka nayo.

Kubomoa peke yake hakutoshi. Beta-karotini haiyeyuki majini, huyeyuka kwenye mafuta; bila mafuta itapita utumboni kama abiria asiye na nauli. Na hata ikiingia, inahitajika mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula ili kupata moja ya vitamini A. Kwa hiyo kijiko cha simsim iliyosagwa kwenye jiwe, au cha karanga zisizo na ukungu, ni sehemu ya dawa. Wapishi wa malakwang, mboga ya majani machachu, huweka simsim humo tangu zamani.

Ndimu nayo ina kazi. Watu husema kijani huongeza damu, na kuna kitu cha kuvutia hapo: umbo la klorofili, ambayo Richard Willstätter alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa kuichunguza, linafanana sana na la ile sehemu nyekundu ya damu. Ila katikati ya klorofili kuna magnesiamu, na katikati ya hiyo ya damu kuna chuma. Moja haigeuki kuwa nyingine. Chuma cha kusaidia damu kimo kwenye jani kando ya klorofili, katika hali ambayo utumbo huipokea kwa shida, na vitamini C ya ndimu ndiyo hulainisha mapokezi. Kwa vitamini hiyo, pera ni bora hata kuliko chungwa. Chai ya rangi hufanya kinyume, inakishika chuma. Isubiri saa moja au mbili.

Nilipojaribu mara ya kwanza nilitwanga usiku ili nilale hadi saa moja. Asubuhi nikakuta tope la rangi ya kaki: ndimu ilikuwa imeing'oa magnesiamu kutoka kwenye klorofili, na hewa imekula sehemu ya vitamini C. Siku hizi natwanga alfajiri, viganja viwili vya dodo, maembe mawili yaliyoiva, kijiko kikubwa cha simsim, maji yaliyochemshwa yakapoa. Ndimu naikamua vikombe vikiwa mezani. Mdogo hulalamikia nyuzi zinazokwama menoni, basi chake nakichuja, na makapi anapelekewa mbuzi, mwenye wapangaji wake.