JOTO LIVUNJALO HEWA

Kila mkulima wa chai wa Kericho na Bomet ajua ya kuwa majani mabichi yakiisha kusagwa kiwandani huacha rangi ya kijani na kuwa ya shaba. Oksijeni iliyomo hewani ndiyo iyageuzayo. Kisha hewa ya moto katika mashine ya kukaushia huyazuia yasigeuke zaidi. Jani hubadilika, lakini hewa yenyewe haivunjiki.

Liko joto jingine livunjalo hata hewa. Chombo kinachoizunguka dunia kwa karibu huenda mwendo wa kilometa zipatazo 28,000 kwa saa. Kinaporudi chini, hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kupisha, bali hushindiliwa kwa ghafula ikapata moto, kama pampu ya baiskeli ipatavyo moto mtu ajazapo upepo. Joto lake hupita digrii 5,000.

Hapo chembe za oksijeni, ambazo kwa desturi hukaa mbili mbili, huachana. Joto likizidi, za naitrojeni huachana pia. Baadhi ya chembe za oksijeni hushikana na za naitrojeni, ikatokea gesi mpya. Umeme wa radi ipigayo juu ya mashamba ya chai hufanya gesi iyo hiyo.

Kuziachanisha chembe hutumia joto jingi. Lakini zikigusa chombo na kuungana tena, hulirudisha joto lile pale pale. Kwa hiyo vyombo hupewa ngao: nyingine za vitu visivyozisaidia chembe kuungana, nyingine za kuungua polepole na kuondoka na joto.

Kisicho na ngao huteketea. Setilaiti Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, iliishia hivyo mwaka 1979. Lakini vipande vya chuma kizito huweza kufika chini. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo zipatazo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni sehemu ya roketi.

Kericho na Bomet zi karibu na Ikweta, na kila setilaiti huuvuka mstari huo au huufuata. Basi mtu akikuta chuma kigeni kilichoanguka shambani, asikiguse wala asikiuze, maana huenda kina mabaki ya mafuta yenye sumu. Awaweke watoto mbali, kisha ampashe habari chifu au polisi.