Somo la Mwezi: Kuachilia Deni Bila Kuificha Kweli

Maandiko ya kusoma: Ezekieli 18:1-20, Matendo 6:1-7, Waefeso 2:11-16



Mwezi uliopita baraza la wazee lilipokea barua yenye sahihi nyingi. Ndugu zetu wa jamii moja wanaomba wapewe ibada yao, saa yao na wahubiri wao, kwa sababu hawawezi tena kuketi benchi moja na wana wa watu waliowachomea vijiji. Siku chache baadaye ikaja barua ya pili kutoka upande wa pili, nayo ilisema karibu maneno yale yale. Sitazitaja jamii hizo hapa. Kila anayesoma anazijua. Kabla wazee hawajatoa jibu, nimeombwa niandike somo hili, ili kila familia ilisome nyumbani kwa maombi.

Sitaanza na Kongo. Kidonda kibichi ukikigusa ghafla, mgonjwa huruka. Nitaanza na habari ya watu wengine, kisha turudi kwetu.

1. YALIYOTOKEA MBALE NA JINJA

Mwaka jana nilihudhuria semina ya wachungaji Mbale, mashariki mwa Uganda. Jioni mwenyeji wetu, mzee wa Kigisu, alitutembeza mpaka mto Nabuyonga unaopita mjini. Njiani tuliona maduka ya zamani yenye majina ya Kihindi na miaka ya kujengwa yaliyochorwa juu ukutani. Mjini Jinja pia majengo kama hayo ni mengi. Nikamwuliza mzee, wenye majina haya wako wapi? Akasema, "Mchungaji, hao walikuwa wakimbizi kabla yako."

Ndugu msomaji, habari yenyewe ni hii. Wakati wa utawala wa Waingereza, watu wa Uganda walipangwa kwa rangi. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, na hospitali vivyo hivyo. Mwafrika alilima pamba, lakini viwanda vya kuichambua vilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu, na bei alipangiwa. Mwaka 1949 watu wa Buganda walifanya ghasia, na moja ya madai yao lilikuwa ruhusa ya kuchambua pamba yao wenyewe. Kwa hiyo manung'uniko hayo hayakuwa ya uongo. Dhuluma ilikuwapo.

Kisha tarehe 4 Agosti 1972, katika kambi ya jeshi huko Tororo, si mbali na Mbale, Rais Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke. Walipewa siku 90. Alidai kwamba ameoteshwa jambo hilo ndotoni. Wapendwa, si kila anayesema ameoteshwa ametumwa na Mungu! Makumi ya maelfu waliondoka, wakiwamo wengi waliozaliwa Uganda na wasiojua nchi nyingine. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, na maelfu wengine walikwenda Kanada na kwingineko. Waliacha nyumba, maduka, magari na makaburi ya wazazi wao. Miongoni mwao walikuwamo Wagoa, Wakatoliki waliokuwa wakipokea sakramenti pamoja na Waafrika. Ubatizo wao haukuhesabiwa. Ilihesabiwa rangi.

Watu wengi walishangilia. Walisema haki imetendeka. Lakini tujiulize, je, yule mkulima wa pamba alilipwa? Hakulipwa. Maduka mengi yaliangukia mikononi mwa wanajeshi na rafiki zao. Viwanda vilidorora, na sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya kutafutwa kwa shida. Waingereza waliotunga sheria za pamba walikuwa wamekwisha rudi kwao. Aliyelipa ni mwenye duka la Mbale na watoto wake, ambao hawakutunga sheria yoyote.

Na moto huo haukuishia kwa Wahindi. Tarehe 16 Februari 1977 serikali ile ile ilimwua Askofu Mkuu Janani Luwum. Jimbo lake lilijumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, yaani hata sisi wa Kongo tulifiwa. Mkono uliozoea kumhukumu mtu kwa rangi yake haukuona tabu kumwua mchungaji wa watu.

2. MADENI MAWILI

Katika habari hii tunaona madeni mawili, na ni lazima tuyatenganishe.

Deni la kwanza ni la mtu aliyetenda. Aliyechoma nyumba anadaiwa nyumba. Aliyeua anadaiwa damu mbele za Mungu na mbele ya sheria. Deni hili ni la kweli, na Biblia hailifuti kwa maneno matamu. Zakayo alipookoka hakusema tu kwamba amesamehewa, alirudisha mara nne (Luka 19:8).

Deni la pili ni lile tunalomwandikia mtu kwa sababu ya rangi yake, kabila lake au lugha ya mama yake. Deni hili halipo. Sisi ndio tuliolitunga. Katika Ezekieli sura ya 18 watu wa uhamishoni, wakimbizi kama sisi, walikuwa na methali kwamba baba wamekula zabibu mbichi, na meno ya watoto ndiyo yanayotiwa ganzi. Mungu akawakataza kuitumia tena. Mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Angalieni ni watu gani walioambiwa neno hilo: waliopoteza nchi, hekalu na mashamba. Yaani ni watu wenye machungu ya kweli, na bado Mungu aliwaondolea methali yao.

Basi tunaposema tuachilie yaliyopita, maana yake ni hii: deni la pili tulichane kabisa, na deni la kwanza tulikabidhi kwa Mungu na kwa njia za haki, tusilidai kwa mikono yetu (Warumi 12:19). Kijana aliyezaliwa hapa kambini mwaka 2009 hajachoma kijiji cha mtu. Ukimnyima salamu kanisani, unamdai pamba ambayo hakuiuza.

3. KWELI KWANZA, NDIPO KUSAMEHE

Wengine wataniuliza, "Mchungaji, unataka tunyamaze?" La, hasha! Mtazameni Askofu Festo Kivengere wa Kigezi. Mwezi ule wa Februari 1977, kabla Luwum hajauawa, maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Amin barua ya kulalamikia uovu wa askari wake, na Kivengere alikuwa mmoja wao. Baada ya mauaji alikimbia pamoja na mkewe, wakavuka milima kwa miguu mpaka Rwanda. Naye akawa mkimbizi. Baadaye alisimulia kwamba chuki ilikuwa inamkausha moyo, mpaka akiwa London katika ibada ya Ijumaa Kuu alipokumbushwa jinsi Bwana Yesu alivyowaombea waliomsulubisha. Hapo akaona kwamba hana budi kumsamehe Amin. Mwaka huo huo wa 1977 kilitoka kitabu chake ambacho jina lake linasema kwamba anampenda Idi Amin. Watu wengi walikwazwa na jina hilo.

Angalieni mpangilio wake. Kwanza alisema kweli, tena mbele ya mwenye bunduki. Kisha akasamehe. Hakusema kwamba Amin hakukosa. Aliyesamehe bila kusema kweli amefunika kidonda chenye usaha. Aliyesema kweli bila kusamehe anakifungua kila siku kisipone.

Na Wahindi je? Mwaka 1982 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kurudisha mali zilizonyang'anywa, na katika miaka ya 1990 wengi walirudi au waliwatuma watoto wao kudai nyumba na maduka yao. Familia ya Madhvani ilirudi mwaka 1985 na kukifufua kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, kilichoanzishwa mwaka 1930. Leo Waganda wengi wanapata kazi huko. Kudai duka lako kwa njia ya sheria si dhambi. Wenzetu mlioacha mashamba Masisi, Rutshuru, Fizi au Djugu, tunzeni hati zenu, na semeni kweli juu ya mipaka yenu. Mjane wa Luka 18 alidai haki yake bila kuchoka, na Bwana hakumkemea.

Nisisitize jambo moja. Mama aliyetendewa unyama wa mwilini asilazimishwe na mtu yeyote, hata mchungaji, kumshika mkono aliyemtenda. Kusamehe ni kazi ya Roho Mtakatifu moyoni, nayo ina wakati wake. Wajibu wetu ni kukaa naye, kumsikiliza na kumsindikiza kwenye msaada.

4. KANISA LA YERUSALEMU NA MGAO WA CHAKULA

Sasa turudi kwetu. Matendo sura ya 6 ingeweza kuandikwa hapa kambini, kwa maana ugomvi ulianzia kwenye mgao! Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Kwa nini walisahauliwa? Waliogawa walikuwa Waebrania, na mtu huanza kumwona wa kwao.

Mitume walikuwa na njia rahisi mbili. Wangeweza kuwaambia wanung'unikao wanyamaze kwa jina la umoja. Au wangeweza kuanzisha kanisa la Waebrania na kanisa la Wayunani. Hawakufanya hivyo wala hivyo. Walikubali kwamba malalamiko ni ya kweli, wakawaambia watu wachague saba. Somo majina yao katika mstari wa 5: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Kapu la chakula liliwekwa mikononi mwa upande uliokuwa umesahauliwa. Na mstari wa 7 unasema Neno likazidi kuenea.

Hapa ninapaswa kutubu mbele yenu. Baada ya barua zile mbili, mama mmoja mzee alinijia nyumbani. Aliketi kimya muda mrefu, kisha akasema, "Baba mchungaji, mimi najua nyimbo zenu zote. Ninyi mnajua wimbo wetu upi?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nilichukua daftari la kanisa nikahesabu. Katika wazee 9, 8 ni wa jamii yangu. Wasomaji wa Neno, karibu wote. Washika sadaka, wote. Sikukusudia, lakini nilifanya. Nimewahubiri umoja miaka mingi, na kumbe umoja wangu ulikuwa na maana ya kwamba wengine waje kwetu. Nisameheni.

5. TUFANYE NINI?

Haya ndiyo ninayopendekeza kwa wazee na kwa washirika wote:

a) Meza ya Bwana isigawanywe. Petro alipojitenga na meza ya watu wa Mataifa kule Antiokia, Paulo alimpinga usoni, kwa kuwa hakuenda sawasawa na kweli ya Injili (Wagalatia 2:11-14). Wazee wasiojua Kiswahili wanaweza kuwa na ibada ya lugha yao siku ya kazi. Hiyo ni huduma. Lakini ibada iliyoanzishwa ili nisimwone ndugu yangu ni ukuta, na Kristo alikwisha kuubomoa.

b) Wazee wachaguliwe upya kwa kufuata mfano wa Matendo 6. Mimi nitakuwa wa kwanza kuwaomba wa jamii yangu waachie nafasi.

c) Kila kwaya ijifunze angalau wimbo mmoja wa jamii nyingine, na mwenye wimbo awe ndiye mwalimu.

d) Tuwe na jioni mbili za kusema kweli. Jioni ya kwanza upande mmoja useme yaliyowapata, na mwingine usikilize bila kujibu. Jioni ya pili wabadilishane. Tusishindanishe makaburi.

Nawakumbusha wanafunzi 40 wa seminari ndogo ya Buta, nchini Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliwaamuru Wahutu na Watutsi watengane. Walikataa, wakauawa pamoja. Vijana hao walikataa kutengana mbele ya bunduki. Sisi hapa hakuna aliyetuelekezea bunduki, tumeleta karatasi tu zenye sahihi.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Je, kuna mtu hapa kanisani ninayemdai kosa ambalo hakulitenda yeye?
2. Watoto wetu wanatusikia tukisema nini juu ya kabila lile tukiwa mekoni?
3. Ni dhuluma gani jamii yetu iliitenda, ambayo hatupendi itajwe?
4. Soma Mwanzo 50:15-21. Yusufu aliukana uovu wa ndugu zake, au aliutaja? Baada ya kuutaja alifanya nini?

OMBI

Bwana Yesu, wewe unajua vijiji vyetu vilivyochomwa na majina ya waliokufa. Hatukufichi kitu. Tunakukabidhi deni la waliotutenda, ulihukumu wewe. Lile tulilowaandikia watoto wao, utusaidie kulichana leo. Utuketishe tena katika meza moja. Amina.

Wazee watakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mwenye neno na alilete kwa upole, kwa mdomo au kwa barua. Ila barua hiyo, ndugu zangu, itiwe sahihi na watu wa pande zote mbili.

Wenu katika kazi ya Bwana,
Mchungaji wenu