Taji la Majilio, Zawadi ya Kazi ya Mikono

Mwezi wa Novemba ukikaribia mwisho wake watu wengi huanza kuwaza zawadi za Krismasi, nao huhesabu fedha walizo nazo na kuona ni chache. Leo twataka kuwafundisha kutengeneza zawadi isiyotaka fedha nyingi, yaani taji la majani mabichi lenye mishumaa minne. Lakini kwanza yatupasa kujua lilikotoka, maana asili yake ndiyo itakayotuonyesha nani apewe.

Katika mwaka wa 1833 Johann Hinrich Wichern, Mlutheri wa mji wa Hamburg katika nchi ya Ujerumani, alianzisha nyumba ya kuwalea watoto maskini na walioachwa, nayo iliitwa Rauhes Haus. Yasimuliwa ya kwamba siku za Majilio watoto wale walikuwa wakimwuliza kila siku kama Krismasi imekwisha kufika. Basi mwaka wa 1839 alitwaa gurudumu la mti, akasimamisha juu yake mishumaa midogo myekundu 20 na mikubwa myeupe 4. Mwaka ule Jumapili ya kwanza ya Majilio iliangukia tarehe 1 Desemba, kwa hiyo siku hata mkesha wa Krismasi zilikuwa 24 kamili. Kila siku uliongezwa mshumaa mmoja wa kuwashwa, mdogo kwa siku ya kazi na mkubwa kwa Jumapili, hata mtoto asiyejua hesabu akaona kwa macho yake siku zilizosalia. Matawi mabichi hayakuwapo hapo mwanzo. Yaliongezwa karibu na mwaka wa 1860. Baadaye taji lilipoingia katika nyumba za watu, mishumaa midogo iliachwa, ikabaki ile minne ya Jumapili.

Angalieni basi, taji hili halikuzaliwa kuwa pambo. Lilikuwa hesabu ya siku kwa watu waliochoka kungoja. Kwa hiyo twaona lamfaa zaidi mtu ambaye kungoja kwake ni kuzito: mgonjwa asiyeweza kufika kanisani, mjane akaaye peke yake, mzee ambaye watoto wake wamekwenda mijini. Naye atoaye na ajue mapema ya kwamba zawadi hii haimalizwi siku ya kutolewa. Ukimpa bibi kizee taji Jumapili ya kwanza, ni nani atakayewasha mshumaa wa pili, na wa tatu, na wa nne? Umejifunga kurudi mara tatu tena. Asiye na nafasi hiyo, heri ampelekee sukari.

Hapa hatuna budi kuonya neno moja. Katika nchi zetu watu wengi wameyajua mashada ya maua makaburini kabla ya kulijua taji la Majilio. Mgonjwa akiona mviringo wa majani waingizwa mlangoni pake, aweza kudhani watu wamekwisha kumzika. Kwa hiyo msiliite shada. Msilichukue limesimama mkononi, bali lilazeni juu ya sinia na mishumaa yake ikiwa mahali pake. Msifunge utepe wenye maandishi, wala msilijaze maua. Tena watu wa nyumbani waambiwe siku moja mbele. Walimu na wainjilisti, jambo hili lawahusu ninyi hasa, kwa kuwa ninyi ndinyi mtakaoulizwa maana yake.

Sasa kazi yenyewe. Kila mwanamke ajuaye kusuka ngata ya kuchukulia mtungi amekwisha kujua nusu yake. Chukueni fito mbichi mbili au tatu, nyembamba, zikunjeni kuwa pete yenye upana wa sentimita 35 hivi, kisha zungusheni magome makavu ya mgomba mpaka pete iwe nene kama kifundo cha mkono. Bila fito za ndani pete hulegea ikapinda kabla ya Jumapili ya pili.

Majani yawe ya namna isiyopukutika upesi. Pwani twaona mvinje wafaa sana. Milimani kuna mwangati na msonobari. Kateni siku ya Ijumaa au Jumamosi kabla ya Jumapili ya kwanza, ambayo haiwi kabla ya tarehe 27 Novemba wala baada ya tarehe 3 Desemba. Ni majira ya vuli kwa wengi wetu, basi kung'uteni maji kwanza. Vijiti viwe na urefu wa kiganja. Shikeni vitatu au vinne pamoja, vilazeni juu ya pete, vifungeni mashina kwa kamba ya katani, wala kamba isikatwe. Kitita cha pili kifunike mashina ya cha kwanza, kama vile mwezekaji afanyavyo na nyasi za paa, na vyote vielekee upande mmoja. Kitita cha mwisho huingizwa chini ya majani ya kile cha kwanza. Hapo ndipo wengi huharakisha, na pengo huonekana.

Huko Kilimanjaro wako watakaopenda kutia jani la isale, nalo hukaa bichi siku nyingi. Lakini wajue wanalosema, maana kwa Wachaga isale ni ishara ya kuomba msamaha na amani. Ukilipeleka kwa jirani mliyegombana, huenda hutahitaji hotuba. Ukilitia kwa uzuri tu, mwenyeji atakaa akitafuta ulimkosea lini.

Wengine huisimamisha mishumaa juu ya majani yenyewe. Sisi hatupendi, kwa sababu majani ya wiki ya tatu ni kuni. Wekeni katikati ya taji bakuli la udongo lenye mchanga, mkasimamishe mishumaa ndani yake, wala mwali usiguse jani lo lote. Ile myeupe ya dukani yatosha. Iwashwe wakati wa sala tu, robo saa hivi, kisha mtoaji mwenyewe aizime kabla ya kutoka. Mgonjwa asiachiwe moto. Jumapili ya kwanza huwashwa mmoja, ya pili miwili, hata minne. Kwa hiyo ule wa kwanza utakuwa mfupi kuliko wenzake, na si kosa.

Majani yakianza kukauka, yabadilisheni mnapokwenda Jumapili ya tatu. Sikukuu ikipita majani hutupwa, lakini pete hupandishwa darini juu ya meko, ili moshi uwazuie wadudu wasiitoboe hata mwaka ujao.