Tokeni Wawili, Mkatazame Pamoja



Hebu hesabuni safari mlizofunga pamoja mwaka uliopita, bwana na bibi ndani ya matatu moja. Matanga huko Kimilili. Arusi ya binamu Kitale. Siku ya kumpeleka mtoto shule ya bweni, sanduku la bati likiwa katikati yenu. Wengi wetu hapa Sirisia hatuifikii safari ya nne. Na katika hizo zote, mama alikuwa jikoni na wanawake wenzake, baba chini ya hema na wazee, mkaonana tena kituoni jioni.

Mwezi huu twawashauri safari ya namna nyingine: mwende mahali pa kale, wawili tu, mkatazame. Hatusemi Fort Jesus wala makumbusho ya Nairobi. Nyumba yenye karo haiendi Mombasa kutazama kuta. Lakini nani aliwaambia vya kutazama viko mbali?

Pitieni upande wa Malakisi, mvuke kuingia Teso Kaskazini, muulize njia ya Kakapel katika vilima vya Chelelemuk. Hapo pana mwamba mkubwa wenye michoro ya rangi nyekundu na nyeupe, ambao serikali iliutangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 2004. Kuna alama za duara ambazo wataalamu wanadhani zilichorwa na wawindaji wa kale, watu wa jamii ya Watwa. Juu yake kuna ng'ombe wa pembe ndefu, kazi ya wafugaji waliokuja baadaye. Wa pili hawakufuta kazi ya wa kwanza. Walichora juu yake, na zote mbili zinaonekana hadi leo.

Akina mama, hapo pana habari yenu pia. Wachunguzi waliochimba chini ya mwamba huo walitangaza mwaka 2024 kwamba wamepata mbegu ya kunde iliyoungua motoni, yenye umri wa miaka 2,300 hivi. Walipata na wimbi na mtama. Basi likhubi unalochuma nyuma ya nyumba lina ukoo mrefu katika nchi hii, na moto ule uliounguza mbegu ulikuwa moto wa mtu aliyekuwa akihangaikia chakula kama wewe.

Mkifika, msiguse michoro wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha. Msikilizeni mwenyeji anayewaongoza. Kisha kaeni kimya kidogo, na bibi aanze kusema anachokiona. Akina baba, twawafahamu: mkisimama mbele ya kitu chochote mnageuka walimu. Safari hii subirini. Mkeo akisema yule ni swala na wewe waona ng'ombe, mwulize ameonaje.

Kwa nini tunasisitiza jambo dogo hivi? Kwa sababu nyumbani karibu kila neno lina deni ndani yake. Ukitaja shamba, umetaja ndugu zake. Ukitaja mtoto, umetaja karo. Wako wanandoa wa miaka ishirini wasioweza tena kuzungumza dakika kumi bila mmoja kujitetea. Mbele ya mwamba ule hakuna mwenye kosa wala mwenye jibu, na mtu aweza kusikia tena jinsi mwenzake anavyofikiri. Wengine watashangaa kwamba wamemsahau.

Wenye nauli zaidi waende Makumbusho ya Kitale. Yalianzishwa mwaka 1926 na Mwingereza aitwaye Stoneham, mkusanyaji wa wadudu na ndege. Alifariki mwaka 1966, na jengo jipya likafunguliwa mwaka 1974. Wananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni. Pitieni wadudu upesi mkipenda, lakini msiache njia ya msituni, wala boma za kienyeji zilizojengwa hapo. Bibi aliyeolewa kutoka kabila jingine amwonyeshe mumewe mahali ambapo nyanya yake angeketi. Ni swali ambalo huenda halijawahi kuulizwa tangu siku ya mahari.

Hapo lakini tahadhari. Historia ya kwetu ina damu. Kule Chetambe, juu ya Webuye, Wabukusu wengi waliuawa mwaka 1895 na majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Hobley, na kati ya askari wake walikuwamo Waafrika wenzetu. Hapa Mlima Elgon, vita vya mashamba vya 2006 hadi 2008 vimeacha makaburi ambayo watu wangali wanayapalilia. Katika nyumba ya Mbukusu na Msabaot, neno «watu wenu» likitamkwa mahali pa kale laweza kuharibu safari nzima, na siku nyingi baadaye. Mwenzako akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, usimsahihishe tarehe.

Watoto waacheni kwa shangazi mara hii. Wao watakwenda na shule. Chukueni chai ya chupa na viazi vitamu, maana hoteli itamaliza nauli. Na jioni mkirudi, kabla hujauliza kama ng'ombe amekamuliwa, kila mmoja amwambie mwenzake kitu kimoja alichokiona ambacho mwenzake alikipita.