Santuri za Landi: Alama za Hadhira katika Mkusanyiko Mmoja wa Nyimbo, Muthurwa

Makala haya yanachunguza mkusanyiko mmoja wa santuri uliohifadhiwa katika nyumba ya chumba kimoja mtaani Muthurwa, Nairobi. Swali letu ni hili: wimbo ukishatiwa kwenye santuri, hadhira yake huenda wapi? Jibu lililozoeleka darasani ni kwamba hutoweka, kwa kuwa fanani na hadhira hawaonani tena ana kwa ana. Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alizungumzia usimulizi wa pili, yaani ule unaotegemea redio na vyombo vya aina hiyo, na wengi wetu tumelichukua jina hilo kwa maana ya usimulizi uliopungukiwa. Baada ya kuusikiliza mkusanyiko huu wote kwa muda wa majuma matatu, naona jibu hilo halitoshi.

Mkusanyiko ni wa marehemu babu yangu mzaa mama, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Muthurwa ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa reli, na safu zile za nyumba huitwa landi. Santuri ni 58. Kati yake 49 ni ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo upande mmoja huchukua dakika chache tu. Sifa hii ya kifundi ina athari kubwa ya kifani. Katika miaka ya 1970 ilikuwa kawaida bendi za Nairobi kuukata wimbo mmoja vipande viwili, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B. Aghalabu maneno huelemea upande A, kisha magitaa yakatawala upande B. Mhakiki anayenakili maneno ili ahesabu mizani huishia upande A, akahitimisha kuwa wimbo umejaa takriri zisizo na kazi. Lakini msikilizaji aliyeinuka kitini, akaigeuza santuri na kuirudisha sindano, anajua kuwa takriri zile zilikuwa zikiandaa kitakachofuata. Kimya cha kugeuza santuri nacho ni sehemu ya utendaji.

Tuyatazame sasa majalada ya karatasi. Babu aliyapa namba kwa penseli nyekundu, kwa utaratibu wa kuzipiga nyimbo Jumamosi jioni majirani walipokusanyika. Namba 7 ni "Lunch Time" wake Gabriel Omolo, wimbo uliovuma mwanzoni mwa miaka ya 1970, unaosawiri jinsi wafanyakazi wa mjini wanavyoipitisha saa ya chakula cha mchana, wenye nacho na wasio nacho. Namba 8 ni "Shida" wake Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro. Wa kwanza huchekesha. Wa pili, ukifuata papo hapo, hukizima kicheko hicho. Mpangilio huu haukubuniwa na Omolo wala Mwinshehe. Ulibuniwa na mfanyakazi wa reli, na ni uhakiki kamili, ingawa hauna hata sentensi moja.

Majalada matatu yana orodha za maneno na maana zake. Ndugu Wilson na George Kinyonga wa Simba Wanyika, waliofika Kenya mwaka 1971, walitoka Tanga, na kwa mtu wa Ukambani kama babu santuri zao zilikuwa kamusi pia. (Sijui ni wangapi kati yetu wanaomsoma mtunzi wa leo kwa uangalifu huo.)

Ithibati iliyo wazi zaidi inapatikana kwenye jalada la "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978. Katika wimbo huo nafsineni hujitetea kwa nafsinenewa ambaye hajibu lolote. Pembeni mwa jalada, kwa mwandiko usio wa babu, pameandikwa neno moja: "Unayo." Bibi anakana kuwa mwandiko ule ni wake. Hata hivyo, herufi y ina mkia uleule unaoonekana katika daftari lake la chama.

Mambo haya hayamo katika diwani yoyote, na hayatasalia muda mrefu. Tangu wapangaji wa Muthurwa walipopewa notisi ya kuhama mwaka 2010, hata baada ya Mahakama Kuu kuamua kesi yao mwaka 2013, familia yetu imekuwa ikipunguza vyombo. Amepatikana mnunuzi wa santuri. Anazitaka santuri zenyewe tu. Majalada yaliyoandikwa huyaita machafu, naye atayatupa na kutia mifuko mipya ya plastiki. Napendekeza wanachama waanze kwa mikusanyiko ya nyumbani kwao: kila jalada lipigwe picha, na wazee waulizwe nani alipiga wimbo gani, lini, na mbele ya nani. Mnunuzi wetu amekubali kusubiri hadi mwisho wa mwezi. Majalada 31 yamekwisha kupigwa picha, pande zote mbili.