Vidonge 11 vya Mama

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama palepale kwenye kisahani. Unasema usiku Mama akishalala unatoa kidonge cha imatinib cha miligramu 400, unakikata kwa kisu cha jikoni juu ya kisahani cha chai, na asubuhi unampa nusu kwa uji ukimwambia hospitali imempunguzia kipimo. Vimebaki 11. Mchana, wenzako wakienda kula, wewe unashika njia ya Upper Hill, Nairobi, na viatu vyako vya ofisi: maduka ya dawa ya karibu na Hospitali ya Kenyatta, kisha Argwings Kodhek, kisha Ngong Road, na kila kaunta jibu ni lile lile, "Imeisha, jaribu wiki ijayo." Unaniuliza kama kuna duka ambalo hujafika.

Maduka nitayafikia. Kwanza tuzungumze habari ya kisu.

Najua ulivyopiga hesabu. Vidonge 11 ni siku 11, vikikatwa ni siku 22, na katika siku 22 huenda Mungu akafungua mlango. Ni hesabu ya mtoto anayempenda mama yake, na kama ungekuwa unga wa ugali ningekusifu. Dawa hii haihesabiwi hivyo. Katika saratani ya damu aliyo nayo Mama, CML, kuna protini moja ndani ya seli iliyo kama mfereji uliokwama wazi, na chembe nyeupe za damu zinamwagika usiku na mchana. Imatinib ndiyo mkono unaoufunga mfereji huo. Ukiufunga nusu, maji yanaendelea kutoka, na seli zinazobaki zinapata nafasi ya kuizoea dawa. Zikishaizoea, hata ukipata makopo kumi huenda isimfae tena. Ni kweli daktari anaweza kupunguza kipimo, lakini yeye huwa ameiangalia damu kwanza. Wewe unaangalia kopo. Na ule unga unaobaki kwenye kisahani usiuguse kwa mikono mitupu, hasa kama una mimba.

Kwa hiyo kuanzia kesho mpe kidonge kizima, baada ya chakula na kwa glasi kubwa ya maji, kama alivyoandikiwa. Usimpe viwili kufidia vile alivyokosa. Hapo una siku 11 za kufanya kazi, na zinatosha kuanza.

Umeandika pia kwamba duka moja lilikuonyesha imatinib ya India, ukairudisha kwa sababu "si Glivec". Jamani, binti yangu! Umezunguka Upper Hill nzima, dawa ikawekwa mbele yako, ukaipa mgongo! Glivec ni jina la biashara la kampuni ya Novartis. Imatinib ndiyo dawa yenyewe. Tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuipa Novartis hataza ya Glivec, viwanda vya huko vikaendelea kuitengeneza kwa bei ya chini. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza imatinib katika orodha yake ya dawa muhimu. Ikiwa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu na inauzwa na duka lenye leseni, hiyo ni dawa. Mjulishe tu daktari kwamba mmebadilisha, ili afuatilie vipimo. Ya yule kijana unayesema alikufuata hadi nje akitaka utangulize pesa kwa M-Pesa, hiyo iache, hata akikuapia.

Lililoniuma zaidi ni pale uliposema huwezi kurudi kliniki, watakuona mzembe. Mzembe kwa lipi? Hapo hapo Upper Hill, Nairobi Hospital, wagonjwa wa CML walikuwa wakipokea Glivec ya msaada kupitia mpango wa Novartis na Max Foundation, wengine wakisafiri usiku kucha kutoka kaunti za mbali. Mikataba na malipo yalipoyumba, watu hao walikaa bila dawa na wakapaza sauti hadharani. Uhaba huu ulikuwepo kabla yako, na hakuna muuguzi wa kliniki ya saratani asiyeujua.

Basi nenda kesho, na kopo mkononi. Mwombe mfamasia wa hospitali awapigie simu wasambazaji. Simu yake moja itakupa habari ambayo miguu yako haijaipata kwa wiki nzima. Mwambie daktari ukweli wote wa kisahani, hata ukiona haya, kwa sababu atataka Mama apimwe BCR-ABL, kipimo cha damu kinachoonyesha CML imefika wapi. Kipimo hicho hufanyika hata kwa mashine ya GeneXpert, ile inayopima kifua kikuu. Majibu yakionyesha imatinib imeshindwa, kuna dasatinib na nilotinib. Kisha uliza habari za SHA, bima ya afya ya taifa, ofisi zao unazipita pale Ragati Road. Bima hiyo ilipoanza Oktoba 2024, saratani ilitengewa shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na 150,000 nyingine kutoka hazina ya magonjwa sugu. Viwango hubadilika, kwa hiyo uliza cha sasa, na uliza ni hospitali gani inayotoa imatinib kwa bima hiyo. Watafute pia Henzo Kenya, chama cha wagonjwa wa CML. Hao wanajua dawa imeonekana wapi juma hili, na wakijua jina lako hutazunguka peke yako.

Leo jioni usimsubiri Mama alale. Weka kopo mezani, mvihesabu pamoja hivyo 11, umweleze ulichofanya na hofu iliyokusukuma. Atakasirika, pengine hata atalia. Ugonjwa ni wake na mwili ni wake, ana haki ya kujua anachomeza. Na sitashangaa akikuambia amekuwa akisikia kisu kikigonga kisahani usiku, akanyamaza kwa kukuhurumia, kama wewe ulivyonyamaza kwa kumhurumia yeye.

Akitaka kuandamana nawe kliniki asubuhi, mshike mkono mwende.